Salamu Usizotuma

Majimoto, Mpimbwe
Jumatatu, baada ya sikukuu ya kigango

Kaka yangu mpendwa Deusdedit,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wifi yangu mtarajiwa Rozalia, na kwamba baridi ya Mbeya haijakurudishia yale mafua yako. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Arcade nimemwacha Misunkumilo na useremala wake na watoto, mimi niko hapa nyumbani kwa Mama tangu wiki mbili zilizopita. Mpunga umevunwa vizuri mwaka huu, hata wavivu wamepata. Salamu hizi nimeziandika kwa utaratibu kama tulivyofundishwa, lakini uzikumbuke ukifika mbele, maana barua yote hii inahusu salamu.

Najua umeshangaa kuona barua. Siku hizi karatasi zinazobaki kutembea ni za benki na za mahakama. Lakini wewe mwenyewe uliniambia kwamba nikikupigia kwa habari za Mama utakata simu, na kweli ukawa unakata. Nikikutumia ujumbe naona umeusoma, kisha kimya. Ndiyo maana nimeishona barua ndani ya kiroba cha mchele mpya na kukikabidhi kwa kondakta wa basi. Simu unaweza kuikata. Mchele wa Majimoto sijaona Mpimbwe wa kuukataa.

Niseme mapema ninachotaka, usije ukadhani nakuzungusha. Ulinitumia tarehe ya ndoa, ukasema mimi na Arcade tunakaribishwa kwa mikono miwili, ila kiti cha Mama kisiwekwe kwa sababu hatakuja kukikalia, na kiti kitupu kitakutia aibu mbele ya wakwe. Mimi sikubali. Nataka kiti kiwekwe, cha mbele, na Mama akikalie. Unanijua nilivyo mkaidi, kwa hiyo soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kwanza nikurudishie maneno yako mwenyewe, usiseme nimeyapindisha. Uliniambia kwamba ulipotoka seminari hukuwa na uso wa kurudi nyumbani, kwa sababu kwaya ya Mama ndiyo iliyokuchangia tangu ukiwa mdogo, huyu alitoa kuku, huyu debe la mpunga, yule sabuni na madaftari. Ukakusanya nguvu ukampigia Mama. Ukamweleza kwamba umeacha, kisha ukasema: naomba unisamehe, wewe na kwaya nzima. Naye akakujibu, haya mwanangu, zimefika, na simu ikakatwa. Uliniambia bora angekutukana. Mtu unapiga magoti halafu unajibiwa kama mpita njia. Hukumpigia tena, naye hakukupigia, na miaka imepita. Mimi nami niliamini hivyo hivyo, nikamwona Mama ana moyo mgumu, na kuna nyakati nilimnunia. Hilo liweke pembeni kidogo, nikusimulie habari za spika.

Kanisa jipya la kigango unalijua kwa picha tu. Ni refu, kuta za tofali za kuchoma, na juu ni bati tupu bila dari. Spika walizokuwa nazo zilikuwa zinaunguruma, sauti inapiga bati, inarudi, inagongana na ile inayotoka. Katekista Alois akitangaza, unajua kwamba anaongea, hujui anasema nini. Mwaka jana alitangaza ndoa ya kijana wa mzee Manyanda, mwenyekiti wetu wa kigango. Nusu ya watu walisikia saa sita, nusu wakasikia saa tisa. Bibi harusi na ukoo wake walikuwa upande wa sita, bwana harusi na wa kwao upande wa tisa. Unaweza kufikiria. Wazee wa upande wa bibi harusi walishaanza kupakia masufuria kwenye pikipiki waondoke, wakisema Wasukuma wa kwa Manyanda wamewadharau, ndipo bwana harusi akatokea anatabasamu, na shada la maua mkononi.

Baada ya fedheha hiyo Manyanda alinifuata mwenyewe mpaka kwenye banda langu la kutengeneza redio na spika pale Misunkumilo. Alisema wamechoka na spika zinazounguruma, kuunguruma hata ng'ombe wake wanajua. Wanataka spika zinazosema. Nikamwambia atapata, na nikaahidi kwamba sikukuu ya kigango haitapita bila hizo spika.

Nilimwambia Arcade atengeneze masanduku mawili ya mninga na honi mbili za mbao, kila moja inaanza na koo jembamba halafu inafunguka kama ua la boga. Ndani ya sanduku inakaa spika ya besi. Honi inakaa juu yake, na nyuma ya koo lake kuna yuniti inayotoa sauti nyembamba. Honi inafaa kanisa kama lile kwa sababu inaielekeza sauti kwenye mabenchi, haiitupi juu kwenye bati. Arcade alilalamika kwamba hajawahi kuchonga kitu chenye mdomo mkubwa namna hiyo tangu anioe, nikamwacha acheke mwenyewe.

Lakini kazi yenyewe haiko kwenye mbao. Iko kwenye kibao kidogo kinachofichwa ndani ya sanduku, kinaitwa krosova. Jina lisikutishe, ni chekeche tu. Kama Mama anavyochekecha mchele, mzima ukabaki juu na chenga zikashuka, ndivyo krosova inavyogawa sauti. Koili ya waya wa shaba inapitisha nzito kwenda kwenye besi, na kapasita inapitisha nyembamba kwenda kwenye honi. Koili nilizisokota mwenyewe juu ya kipande cha bomba la maji. Sasa ukikosea tundu za chekeche umeharibu chakula. Ukiishusha honi mno, inabebeshwa mzigo usio wake mpaka inapasuka. Ukiipandisha mno, besi inalazimika kusema maneno, na besi ikisema maneno ni kama mtu anayeongea amejifunika blanketi.

Jambo moja ulishike hapa, utalihitaji. Irabu, yaani a, e, i, o, u, nguvu yao kubwa iko upande wa besi. Herufi kama s, t, f na sh ziko juu, kwenye honi. Ndiyo maana sita na tisa ziliwachanganya watu. Irabu zao ni zile zile kwa mpangilio ule ule. Kinachozitenganisha kiko kwenye honi, na kanisa halikuwa na honi.

Kulinganisha zile sauti mbili kulinichukua muda, na nilifurahia kila siku yake. Kuna jaribio napenda kulifanya. Nageuza makusudi waya za honi, hasi iende kwenye chanya, halafu napiga noti moja pale pale besi na honi zinapokutana. Kama sauti hizo mbili zinafika sikioni kwa pamoja, basi zikigeuzwa hivyo zinauana na noti inazama. Naisogeza honi mbele na nyuma juu ya sanduku mpaka nipate mahali ambapo noti inazama kabisa. Mara ya kwanza Arcade alidhani nimeunguza kitu, akakimbilia kuzima umeme. Nilimweleza kwamba kimya hicho ndicho ushahidi wangu, kwamba zisingeweza kuuana vile kama zisingekuwa zimelingana. Nikarudisha waya mahali pake, na noti ikasimama pale bandani kama mtu mzima.

Tulizisafirisha mpaka hapa Majimoto kwenye Fuso lililokuja kuchukua mpunga. Kanisani kila kitu kinabadilika tena, bati lina tabia zake, kwa hiyo nilihitaji sikio la kuamua. Na sikio nililoliamini kuliko yote duniani ni la Mama. Unakumbuka alivyokuwa akiongoza kwaya. Watu wote wanaimba, yeye anainua kidole, wananyamaza, anakwenda moja kwa moja mpaka kwa aliyekosea noti. Wewe mwenyewe ulivutwa sikio kwa kuimba sauti ya tatu kama mbuzi aliyefungwa juani. Alipoacha kuongoza, akasema anawapisha vijana, na sisi tukausifu unyenyekevu wake.

Nikamkalisha benchi la katikati. Alois akasoma somo kwenye maiki. Nikamuuliza Mama, akasema honi imelala. Nikapunguza rezista inayoibana honi. Akasema imeamka kidogo lakini bado ina usingizi. Nikabadilisha kapasita, nikashusha mahali besi na honi zinapokutana, nikaongeza tena. Bado. Akinamama waliokuwa wanafagia kanisa wakaanza kuziba masikio, wakasema kila Alois akitamka s wanachomwa sindano. Manyanda akaja akaniomba kwa heshima niangalie nisiharibu kitu kizuri. Nikamjibu kwa utani wenye makali kwamba sikio la Mama lilianza kazi kabla yeye hajafika Mpimbwe na ng'ombe wake. Akacheka, akaenda zake, lakini mimi sikucheka. Yalikuwa yananiuma masikio yangu pia. Ila kati ya masikio yangu na ya Mama, sikuwahi hata siku moja kuyachagua yangu.

Kesho yake niliamka nimeamua kuanza upya. Nilichomoa waya za honi zote mbili ili nisikilize besi peke yake na kujua shida iko wapi. Alois akasoma. Ilikuwa uji mtupu, irabu zinaviringika ndani ya kanisa kama mawe kwenye debe. Nilishaanza kutabasamu kwa sababu nilijua sasa pa kushika. Mama akanitazama usoni, naye akatabasamu, akasema hapo ndipo, mwanangu, hapo umepatia, usiguse tena.

Honi haikuwa inatoa hata pumzi, Kaka.

Nilidhani ananitania. Nikaenda nyuma ya sanduku kurudisha waya, na kutoka huko, akiwa hanioni, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba jua limepanda, twende tukale. Akajibu, marahaba. Nikashika ukingo wa sanduku. Nikarudia: Mama, twende tukale. Akajibu tena kwa upole, marahaba mwanangu, za huko? Alois alinitazama kutoka pale kwenye maiki, nikamwona ameelewa pamoja nami. Alishuka akaenda kufunga madirisha ambayo hayakuhitaji kufungwa.

Nyumbani nilimsubiri mpaka alipokaa na ungo wake kupepeta mchele. Nikakaa mbele yake, uso kwa uso, nikamwambia kwa Kipimbwe, polepole, kwamba nimejua. Aliendelea kupepeta. Kisha akasema nisimpigie kelele, yeye si kiziwi. Radi anaisikia, ng'ombe anawasikia, ngoma ya kwaya anaisikia mpaka kifuani. Kinachomkimbia ni maneno. Akasema watu wa siku hizi wanaongea kama wana ubwabwa mdomoni. Akiuona mdomo wa mtu anaelewa, na asipouona anabahatisha.

Na kubahatisha, alisema, si kazi ngumu, maana watu wote husema yale yale. Mtoto akija atakuwa amesema shikamoo. Jirani atakuwa ameuliza habari za asubuhi. Anayepiga simu kutoka mbali, mwishoni ataomba umsalimie watu. Ukijibu marahaba, nzuri, na zimefika, kwa mpangilio huo, unaweza kumaliza mwaka na hakuna atakayejua. Mimi mwenyewe nikimpigia alikuwa anasema mtandao mbaya, nami nikawa natukana mtandao. Kwaya aliiacha siku alipoona sauti ya kwanza wanafungua midomo na hakuna kinachomfikia. Alilia peke yake nyuma ya jiko, akafuta uso, akatangaza kwamba anawapisha vijana. Hakutaka watoto aliowafundisha kuimba waje wamwite bibi kiziwi. Nililia mbele yake, Kaka, wala sikujificha. Yeye ndiye aliyenibembeleza, akasema niache, machozi yanalowesha mchele.

Ni wakati ananibembeleza ndipo lile neno liliponirudia. Zimefika.

Nikaushika ungo asiendelee. Nikamuuliza, siku ile Deusdedit alipopiga simu ya mwisho, alisema nini. Alishangaa naulizia jambo la zamani, lakini alilikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yako. Alisema uliongea kirefu, sauti inapanda na kushuka, akajua unaeleza habari za masomo. Mwisho alishika maneno machache, akafurahi kuyashika. Uliomba akusalimie kwaya nzima. Akakuambia zimefika.

Na alizifikisha. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Mama alisimama mbele ya kanisa zima akasema mwanawe Deusdedit anawasalimu wanakwaya wote, hajawasahau. Watu wakapiga makofi. Habari ya kuacha seminari ilimfikia baadaye kutoka kwa paroko, na hapo ndipo penye kidonda chake. Kuacha kwako si kitu kwake. Alisema Mungu hakodi watu kwa nguvu. Kinachomuuma ni kwamba ulimpigia simu, ukakumbuka kuwasalimu wanakwaya, na yeye mama yako ukamnyima habari yenyewe, akaja kuisikia kwa mtu mwingine. Kisha ukanyamaza moja kwa moja. Amekaa miaka yote hii akiamini kwamba umemwonea aibu kwa kuwa hakusoma. Na simu, Kaka, anaiogopa kuliko nyoka, angekupigiaje?

Nakufahamu. Hapo utakunja uso na kusema Gaude anapamba hadithi ili nilegee. Nami nilitaka kuwa na hakika kabla sijashika kalamu. Nilirudi kanisani na Alois. Nikarekodi kwenye simu sauti yangu mara mbili, moja ikisema naomba unisamehe, wewe na kwaya nzima, nyingine ikisema naomba unisalimie kwaya nzima. Nikachomoa honi. Nikafumba macho, nikampa Alois simu apige anayoitaka, nami nitaje ni ipi.

Nilikosea. Mimi mwenye masikio mazima, ninayejua maneno yote mawili na sauti ni yangu mwenyewe, nilisema salimie na ilikuwa samehe. Alois akajaribu, naye akakosea. Tulikuwa tunasikia kwa masikio ya Mama, pale kwenye benchi lake. Nikaunganisha honi, tukapiga tena, na neno samehe likatoka wazi likapita kanisa lote mpaka mlangoni. Nilikaa chini sakafuni nikajiinamia. Miaka yote hiyo nyumba yetu imepasuka kwa kitu kinachotoshea kwenye kapasita moja.

Kwa hiyo elewa jambo hili, na ulisome mara mbili kama hulisadiki. Mama hajawahi kukujibu vibaya. Hajawahi kukujibu kabisa. Ombi lako bado liko njiani. Nyie wawili mnalingana mpaka mnauana, waya tu ndio umegeuzwa, na mimi kazi yangu ni waya.

Spika za kanisa nilizirudisha kama nilivyozipanga mwanzoni Misunkumilo, nikagusa rezista kidogo tu kwa ajili ya lile bati. Jana kwenye sikukuu Alois alifungua matangazo kwa kusema sita, tisa, sita, tisa, akawauliza watu wamesikia nini, kanisa zima likajibu na kuangua kicheko, na Manyanda akasimama akainama kama amepewa zawadi. Akinamama hawakuziba masikio. Nilijisikia fahari, sifichi.

Ile krosova iliyowachoma sindano sikuitupa. Niliifunga kwenye sanduku dogo na honi ndogo, nikaibana besi na kuiachia honi yote, nikaiweka sebuleni kwa Mama, na waya unaoingia kwenye simu. Nikampigia somo lile lile la Alois. Alisikiliza, halafu akauliza nani huyo anayepiga mluzi katikati ya maneno ya Mungu. Nikamwambia hakuna mluzi, hiyo ni herufi s. Akaniomba niirudie. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu, akasema ameishi muda mrefu bila s, hakujua imehama. Yule aliyekuwa akitufokea kwamba sikio la kufa halisikii dawa, sasa anasema kumbe lake lilikuwa limelala tu.

Ananiuliza kila siku, kama hukusema akusalimie kwaya, ulisema nini. Sijamwambia. Kumwambia ningeweza, maneno ninayo na sauti ninayo. Lakini msamaha hauombwi kwa niaba, haufikishwi kama salamu. Nimemwambia utamweleza mwenyewe. Tangu hapo, kila jioni namwona anaifuta honi vumbi kwa kanga yake.

Sasa nakuambia cha kufanya, na si ombi. Ukimaliza kusoma, chukua simu yako, nenda mahali pasipo kelele, urekodi yale maneno uliyomwambia siku ile. Yote, tangu mwanzo, polepole. Nitumie mimi, nami nitayapitisha kwenye honi akiwa amekaa mbele yake. Usianze na Tumsifu Yesu Kristo. Usianze na shikamoo. Hizo anazijibu hata akiwa usingizini, na ndizo zilizotufanya tusijue kitu. Anza na neno lenyewe.

Baada ya hapo uje. Nilimpeleka hospitali Mpanda, daktari akamwangalia vizuri, akasema ni sauti za juu ndizo zinazokwenda kwa umri, na kwamba vifaa vya masikio vinapimwa huko kwako Mbeya. Mama amekubali kwenda, kwa sharti kwamba asikae hotelini. Una nyumba. Rozalia ana moyo mzuri, nimeongea naye, ndiyo, nimeongea naye, ukasirike ukipenda. Uje umchukue kabla ya ndoa, ili siku hiyo akae kwenye kiti chake na asikie mnavyoapa. Ukiona aibu kwa wanakwaya, ondoa shaka. Wao wanajua tu kwamba uliwasalimu, na mpaka leo wanakuulizia.

Naishia hapa, mchele unangojea kushonwa. Arcade angekusalimu, lakini hayupo, na sitaki tena kubahatisha salamu za watu. Za Mama ni za kweli, amezitoa sasa hivi akiwa amekaa mbele yangu, ananitazama mdomo. Ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amesema nikusalimie sana.

Basi, Mama anakusalimu. Usiniandikie kwamba zimefika. Njoo uzichukue.

Mdogo wako akupendaye,
Gaudensia